Daftari la Katibu

Hakuwa katibu wa chama wala wa kijiji. Jina hilo alilipata mahakamani, alikokaa miaka ishirini na mbili pembeni ya hakimu akichapa kwa vidole vyote kumi maneno ya wezi, mashahidi na wanandoa waliochokana. Kompyuta zilipoingia, wapiga chapa wakapewa cheti cha shukrani na mkono wa kwaheri. Wenzake walirudi nyumbani kununa. Yeye akanunua mashine ya kutoa kopi iliyokwishazeeka mikononi mwa watu wengine, akakodi chumba kati ya kinyozi na fundi wa simu, akapaka ukuta rangi ya samawati, na watu wakaendelea kumwita Katibu.

Alikuwa mtu mwema. Nalisema hili mapema kwa sababu mbele ya safari mtatamani kumzaba kibao, na mimi mwenyewe nimetamani.

Duka lilipata wateja siku ofisi zote zilipohamia kwenye mtandao. Fomu ya pensheni, fomu ya shule, miadi ya daktari, kila kitu kikataka barua pepe. Wazee walikuwa wanakuja na vitambulisho vimefungwa kwenye leso, wanauliza hiyo barua pepe inauzwa wapi. Katibu akawafungulia. Mwezi ukipita wanarudi, neno la siri wamelisahau, na kwa kuwa namba za simu nazo wanazibadilisha kila msimu, hakuna njia ya kuingia tena. Alifungua upya mara mbili, mara tatu, mwisho akachoka, akabuni utaratibu wake.

Utaratibu wenyewe ulikuwa huu. Kila mteja alipewa namba katika daftari kubwa la jalada gumu, na anwani yake ya barua pepe ikaundwa kwa jina la duka na namba hiyohiyo. Neno la siri la kila mteja lilikuwa neno moja, katibu, likifuatiwa na namba yake ya daftari. Wa saba alikuwa katibu7, wa sitini alikuwa katibu60, hata ukiamshwa usingizini unalikumbuka. Na kila mtandao ulipouliza namba ya kumthibitisha mwenye anwani itumwe kwenye simu gani, Katibu aliandika simu yake mwenyewe. Mteja akikwama anampigia, anataja namba yake ya daftari, simu ya Katibu inapokea tarakimu sita, naye anamsomea. Halafu kila mmoja akapewa kadi ndogo iliyofunikwa plastiki, yenye namba ya daftari na simu ya duka. Kadi hizo alizipenda kupita kiasi.

"Kwangu hakuna kusahau," alikuwa akisema, na kusema kweli hakukuwa na aliyesahau.

Jirani yake, Fundi Simu, dada mmoja mwenye maneno machache na bisibisi nyuma ya sikio, alimwambia mara mbili. "Mzee wangu, zile tarakimu sita ni ufunguo. Ufunguo hausomwi kwenye simu. Hata mimi nikikuomba, ninyime."

"Binti," Katibu alimjibu, "mimi nimetunza siri za mahakama miaka ishirini na mbili. Unasikia? Sijatoa hata moja."

Na ni kweli hakutoa. Hapo ndipo ninapomwonea huruma na kumkasirikia kwa pamoja. Mdomoni mwake haikutoka siri ya mtu hata siku moja. Zilitoka tarakimu tu, na tarakimu yeye hakuzihesabu kuwa ni siri.

Mama mmoja mshonaji alifika dukani asubuhi moja, kinyozi hajafungua. Alikuwa na binti yake wa miaka minane, aliyesimama ameegemea kaunta huku anasinzia. Kifundo cha mkono wa mshonaji kilikuwa kimefungwa kitambaa, na kila gari lilipopita nje aligeuka kuangalia. Mama yake mzazi alikuwa mmoja wa wateja wa mwanzo kabisa wa daftari, na ndiye aliyemwelekeza kwa Katibu.

Alitaka vitu viwili. Cha kwanza, barua ya kuhamisha mtoto kwenda shule ya mji mwingine, mwendo wa saa tano kwa basi. Cha pili, barua pepe mpya ambayo mumewe haijui, maana simu yake ilikuwa inakaguliwa kila jioni.

Katibu hakuuliza kilichompata mkono. Alikwishachapa maelezo ya mikono ya namna hiyo mara nyingi mno. Aliichapa barua, akafungua anwani, akaandika kwenye daftari, akakata kadi: mia moja na kumi na nne.

"Asijue mtu, baba yangu," mshonaji alisema. "Yule mwanamume ameapa kwamba nikiondoka atamchukua mtoto, na mimi mtoto sitamwona tena. Naye akiapa hatanii."

"Nikijua mimi, imetosha," Katibu alisema.

Mshonaji alikaa nyumbani siku mbili zaidi, mpaka mume aliposafiri. Kadi aliificha mahali ambapo mwanamume hatii mkono, kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini na vifungo. Siku ya kuondoka alibeba mtoto na mfuko mmoja. Cherehani ya miguu haibebeki na mtu anayekimbia, ikabaki pale ilipo. Na kadi nayo ikabaki.

Miezi saba ikapita bila neno.

Jumanne moja, siku za kujaza fomu za shule, duka limejaa watu mpaka mlangoni, simu ya Katibu ikalia. Sauti ya mwanamke, laini, yenye mafua kidogo.

"Shikamoo Katibu."

"Marahaba, mama. Nani mwenzangu?"

"Mia moja na kumi na nne. Simu yangu imetumbukia majini, nimepata nyingine, sasa inaniomba zile namba."

Katibu alifurahi. Alikuwa akimkumbuka mara kwa mara yule mama na mtoto wake mwenye usingizi. Hakutaja jina wala mji, alijiona mwangalifu sana kwa hilo. "Mko salama huko?"

"Salama, tunamshukuru Mungu."

Tarakimu zikaingia. Akazisoma polepole kwa sauti yake ya mahakamani, huku mkono mwingine ukimpa mteja chenji. Upande wa pili mwanamke alizirudia, na nyuma yake sauti ya mwanamume ikasema, "Muulize tena mbili za mwisho." Kikafuata kikohozi kifupi, kikavu, mara mbili. Katibu alidhani ni muuza simu. Akazisoma tena mbili za mwisho.

Dakika moja baadaye simu yake ikaandika kwamba kuna mtu ameingia kwa kifaa kipya. Je, unamtambua? Chini yake palikuwa na Ndiyo na Hapana. Katibu akabonyeza Ndiyo, akaendelea na foleni.

Haukutokea msiba. Jua lilichomoza kama kawaida, mashine ya kopi ikala karatasi kama kawaida. Juma lililofuata aliingia bwana mmoja, shati limenyooshwa vizuri, mpole, akatoa salamu kwa kila aliyekuwepo. Alitaka kopi mbili za cheti cha kuzaliwa. Katibu alikuwa na adabu moja aliyotoka nayo mahakamani, kwamba karatasi ya mtu anayetoa kopi haisomwi. Anaigeuza uso chini, anabonyeza, anairudisha. Na hivyo ndivyo alivyofanya.

"Wewe ndiye unayewashikia watu namba?" yule bwana aliuliza huku anapanga kopi zake kwenye bahasha.

"Ndiye mimi."

"Watu wanakusifu sana." Akakohoa kidogo, mara mbili, akaweka kiganja mdomoni. "Endelea hivyohivyo."

Katibu alibaki anatabasamu peke yake. Mtu mzima akisifiwa anakuwa mtoto, tumwache.

Ijumaa ya pili baada ya hapo, saa nne na nusu asubuhi, simu ikalia kwa namba asiyoijua.

"Katibu, ni mimi. Wa cherehani. Nimeazima simu ya msimamizi wangu kiwandani, sina muda. Ninaomba kopi ya ile barua ya uhamisho, nimeipoteza. Na nilitaka kukuambia, mtoto amekuwa wa tatu darasani."

Sauti hii ilikuwa nzito kidogo, na kwa ndani mlikuwa na mngurumo wa mashine nyingi za kushona. Katibu akacheka kwa furaha. "Hongera, mama! Na hiyo simu mpya je, haijatumbukia majini tena?"

"Simu gani?"

"Si ulinipigia? Nikakusomea tarakimu."

Mngurumo wa mashine ukaendelea. Katibu akasikia mkasi ukikata kitambaa mahali fulani.

"Mimi sijakupigia tangu siku ile," mwanamke alisema. "Alikuwa nani?"

"Mwanamke. Mafua kidogo. Alitaja mia moja na kumi na nne."

"Peke yake?"

"Kulikuwa na mwanamume nyuma. Anakohoa..." Na kabla hajamaliza neno, Katibu aliona mbele ya macho yake shati lililonyooshwa na kiganja kikipelekwa mdomoni. "Anakohoa mara mbili," alimalizia.

"Ni yeye. Na huyo mwanamke ni wifi yangu, ana kadi yako pia, namba yake ni themanini na saba." Sauti ilikuwa imekauka kabisa. "Lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu anasoma barua zangu? Katibu, humo ndimo shule inamoniandikia. Humo mna darasa la mtoto, mna mtaa ninaokaa. Mbona hajaja? Anangoja nini?" Halafu akajijibu mwenyewe, kwa sauti ndogo. "Leo shule inafunga. Wazazi wanachukua watoto saa sita."

Simu ikakatika. Katibu alipopiga tena alipokea mwanamume mwenye hasira, msimamizi. "Ametoka mbio, hata mkasi ameutupa chini. Mmemwambia nini mtu wangu?"

Katibu akaenda kwa Fundi Simu bila hata kufunga duka. Alieleza kwa kigugumizi, yeye aliyekuwa akijivunia ufasaha. Fundi hakumwambia nilikuambia. Alivuta kompyuta, akaandika katibu114, akatazama mwenyewe tarakimu sita kwenye simu ya Katibu, mlango ukafunguka, akatikisa kichwa.

"Ona," alisema. "Wifi mtu anajua neno lake ni katibu87. Wamepata kadi, wameona mia moja na kumi na nne. Anwani na paswedi hawakuhitaji kuiba, wamezipata kwa akili ya darasa la pili. Walipungukiwa na tarakimu sita tu."

"Zile nilizowasomea."

"Zile ulizowasomea." Aliendelea kubonyeza. "Hawakubadilisha kitu, mzee. Angebadilisha paswedi, mama angejua siku hiyohiyo. Ameacha kila kitu kilivyo, ila amepachika hapa amri: kila barua inayoingia, nakala iende kwake. Alikaa kimya, anasoma." Kisha akafungua sehemu ya vilivyofutwa, akamgeuzia Katibu kioo.

Ilikuwa barua ya jana yake. Imetumwa kutoka anwani ya mshonaji kwenda kwa Mwalimu Mkuu. Kwa heshima na taadhima, mimi mama mzazi wa mwanafunzi nimepata safari ya ghafla ya kikazi, kwa hiyo baba yake mzazi atafika siku ya kufunga kumchukua. Atakuja na cheti cha kuzaliwa. Ahsante kwa malezi yenu.

Katibu aliisoma mara moja tu. Cheti hicho alikuwa amekitolea kopi kwa mikono yake, uso chini, kwa adabu.

Fundi akabadilisha neno la siri, akafuta ile amri ya nakala, akamfukuza mgeni. "Namba hii imefungwa. Bado wengine wote. Mzee, unao wangapi?"

"Mia tatu na sita."

"Tuanze sasa hivi."

"Kwanza mtoto," Katibu alisema. Namba ya shule alikuwa nayo, aliichapa mwenyewe juu ya ile barua ya uhamisho. Ilikuwa saa tano na robo. Akapokea Mwalimu Mkuu, mwanamke, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

Katibu alieleza yote kwa haraka: mama hajasafiri, barua si yake, anayekuja asipewe mtoto.

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni Katibu. Ndiye niliyemfungulia barua pepe hiyo."

"Nitajuaje?"

Swali hilo, ndugu zangu, ni dogo. Lina neno moja. Katika miaka yote ya daftari lake, Katibu hakuwahi kumwuliza mtu hata mara moja, na sasa lilipogeuzwa likaelekezwa kwake, alipapasa kila mfuko wa akili yake. Angesema jina lake, sauti yoyote ingeweza kulisema. Angetaja namba, namba hutajwa na kila mtu.

"Mwalimu, nakuapia kwa..."

"Watu wote huapa, bwana. Nina barua inayosema mama amesafiri, nina simu inayosema hajasafiri. Zote mbili sikuziona zikiandikwa."

"Niambie tu, mtoto yuko? Huyo baba amefika?"

"Habari za mtoto sizitoi kwa simu. Sikuambii yuko, sikuambii hayuko." Akakata.

Katibu alikaa kwenye kiti cha Fundi, mikono juu ya magoti. Hasira ilimpanda juu ya yule mwalimu, akamwita majina, halafu hasira ikamshuka na kumwacha mtupu, kwa kuwa alijua mwalimu amefanya sawasawa. Laiti yeye angekuwa na mdomo wa yule mwalimu, mshonaji angekuwa anashona sare zake kwa raha. Fundi alimsihi abaki washughulikie wale wengine. Katibu akasema atafanya akirudi. Alipanda basi la saa saba.

Alifika giza linaingia, akakuta geti limefungwa kwa mnyororo. Asubuhi ya Jumamosi alirudi. Walimu walikuwa wanagawa ripoti kwa wazazi waliokosa kufika jana. Aliweka kitambulisho chake na ile barua ya uhamisho, nakala aliyoitoa kwenye kompyuta, juu ya meza ya Mwalimu Mkuu. Mwalimu alitazama picha, akamtazama yeye, akalinganisha maneno na barua iliyokuwa kwenye faili lake. Hakuwa na haraka.

"Kaa," alisema hatimaye. "Jana kwenye kiti hicho alikaa baba yake. Adabu tele, cheti mkononi. Nitakuambia ukweli: ile barua pepe ilikuwa imenitosha. Mtoto nilikwishamwita, alisimama pale mlangoni na begi lake mgongoni. Ndipo ukapiga."

"Kwa hiyo uliniamini."

"Sikukuamini hata kidogo. Ila na barua nayo nikaacha kuiamini. Nikamrudisha mtoto darasani, nikamwambia yule bwana kwamba hapa mtoto anatoka na mtu aliyemleta, si kwa karatasi wala kwa simu. Akatabasamu, akasema atangoja nje, ndani ya gari. Mama alifika saa sita kasoro, ana kiatu kimoja, kingine sijui alikiacha barabara gani. Nikawapitisha mlango wa jikoni."

Katibu alifunika uso. Alilia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya mwanamke asiyemjua, na hakuona haya. "Wamekwenda wapi?"

"Sijui. Na ningejua nisingekuambia." Akasita. "Amekuachia neno. Alisema, Katibu akija, mwambie anifute."

Katibu alimshukuru, akatoka na begi lake, ndani mna daftari, kwa maana aliogopa kuliacha dukani na aliogopa zaidi kutembea nalo.

Gari lilikuwa ng'ambo ya barabara, chini ya ukuta wa ghala, kioo kimeshushwa. Yule bwana alikuwa amevaa shati jingine, nalo limenyooshwa.

"Katibu!" aliita kwa uchangamfu, kama watu waliokutana harusini. "Umetoka mbali. Njoo basi nikupe lifti."

"Sihitaji."

"Umempata?"

"Sikumpata. Wala sijui aliko." Kwa mara ya kwanza maishani Katibu alifurahi kutojua kitu.

"Nakuamini," yule bwana alisema. "Lakini mama mkwe wangu atajua. Binti lazima amwandikie mama yake, au siyo? Na mama mkwe ni mtu wako. Namba ngapi vile?"

"Sijui."

"Hilo sasa ni uongo." Hakukasirika, alisema kama mwalimu anayesahihisha hesabu. "Si neno. Dada yangu yuko nyumbani na simu yake. Ana subira kuliko mimi. Ataanza na katibu1, aende na katibu2, hivyohivyo mpaka mwisho. Mlango mmoja utakuwa wa mama mkwe. Usijisumbue na hilo begi, daftari hatulihitaji."

Katibu aliondoka kuelekea kituo cha basi, anatembea upesi kupita umri wake, na gari likawaka nyuma yake, likaja taratibu kwa mwendo wa mtu wa miguu. Simu ikatetemeka mfukoni. Tarakimu sita. Hajapiga hatua ishirini, ikatetemeka tena. Tarakimu sita nyingine. Alimpigia Fundi Simu, Fundi akasema ndiyo kwanza amefungua duka, na bila simu ya Katibu mwenyewe hawezi kubadilisha hata mlango mmoja. "Usimsomee mtu," alisema. "Yeyote yule. Mzee, umenisikia? Yeyote, mpaka ufike hapa." Saa tano za basi zilikuwa bado zote mbele yake.

Ikaja ya tatu, ya nne, ya tano. Halafu simu ikaita, namba ngeni.

"Mwanangu Katibu." Sauti ya bibi, inatetemeka. "Ni mimi, mama yake mshonaji. Nimeazima simu ya jirani. Wamesema mwanangu ameniandikia leo asubuhi, nami mlango wangu umekataa. Nisomee zile namba, baba. Nijue kama wako hai."

Alisimama katikati ya njia. Nyuma yake gari nalo likasimama. Aligeuka: yule bwana alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya usukani, hana simu, anamtazama tu. Sauti ilikuwa ya bibi kabisa. Pumzi zilikuwa za bibi. Katibu alimjua bibi huyu miaka sita, na akagundua kwamba hakuwahi kuisikiliza sauti yake vizuri hata siku moja, alikuwa anasikiliza namba.

"Mama," alisema. "Siwezi kukusomea. Jioni njoo dukani, tuonane uso kwa uso."

"Jioni nani atanileta na miguu hii? Katibu, ni mwanangu. Ni mjukuu wangu. Wewe ndiye uliyesema kwako hakuna kusahau."

"Nimesema siwezi, mama."

Upande wa pili mwanamke akaanza kulia, kilio cha chini kisicho na maneno, na Katibu akakisikiliza chote, akitafuta ndani yake kitu chochote cha kumwambia kama ni cha kweli. Hakukipata. Akakata simu yeye mwenyewe, akaendelea kutembea, na mfukoni tarakimu zikaendelea kuingia.